Muziki wa leseni huria kwenye filamu: tuliyojifunza tukifanya kazi Mtwara na Lindi

Filamu nyingi za huku Kusini huanza na bajeti ya nauli, chakula cha waigizaji na kukodi kamera. Muziki husubiri hadi mhariri akae kwenye kompyuta, na hapo ndipo wimbo unapochomolewa YouTube na kulazwa chini ya picha ya bahari ya Shangani. Filamu ikioneshwa kwenye kibanda cha video mtaani, hakuna anayeuliza. Ikipandishwa mtandaoni, sauti inazimwa au mapato yanakwenda kwa mwingine. Ikipelekwa kwenye tamasha au kituo cha televisheni, mtayarishaji anatakiwa atie saini kwamba haki zote za muziki anazo, na hapo filamu iliyomaliza akiba za watu inakwama kwa ajili ya sekunde arobaini za gitaa.

Muziki wa leseni huria ni njia halali ya kutoka hapo. Mtunzi ametoa ruhusa mapema, kwa maandishi, kwa mtu yeyote atakayefuata masharti yake. Hulipi fedha, lakini masharti unayalipa, na yapo yanayoamua hata namna utakavyoruhusiwa kuiuza filamu yako. Kwa hiyo kabla hamjafungua tovuti yoyote ya muziki, kaeni mtayarishaji, mwongozaji na mhariri mwandike kwenye karatasi filamu itakwenda wapi. Itauzwa? Itawekwa kwenye chaneli yenye matangazo? Kuna televisheni itakayotaka haki za peke yake? Au ni filamu ya elimu ya kuoneshwa bure vijijini Tandahimba na Ruangwa? Wimbo uleule unaweza kufaa safari moja na kukufunga kwenye nyingine. Mhariri akishakata picha kwa mapigo ya wimbo fulani, kuung'oa ni kuhariri upya onyesho zima.

Leseni zenyewe

Leseni zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001 na kutoa leseni zake za kwanza Desemba 2002. Toleo la sasa ni 4.0, la mwaka 2013, ila vibao vingi mtandaoni bado viko chini ya 3.0 au matoleo ya nyuma zaidi. Utakutana na herufi nne za kukumbuka: BY, yaani umtaje mwenye kazi, NC, usitumie kibiashara, ND, usibadilishe, SA, kazi utakayotengeneza uitoe kwa leseni ileile. Zinaunganishwa na kupata leseni sita. Pembeni yake ipo CC0, ambayo mtunzi anaachia haki zake zote kadiri sheria inavyomruhusu.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote linahusu ND. Mhariri anajisemea kwamba maadamu hajakata wimbo, hajapunguza wala kuongeza kitu, basi hajaubadilisha. Leseni haisemi hivyo. Maandishi yake yanaeleza kwamba muziki ukishaambatanishwa na picha zinazotembea kwa mpangilio wa muda, tayari imezaliwa kazi mpya iliyotokana na ule muziki, hata kama umeucheza kuanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Wimbo wowote wenye ND, kwa hiyo, haufai filamu. Usiupakue hata kwa kujaribishia, maana ukikaa kwenye taimulaini wiki mbili kila mtu anauzoea.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya SA iwe nzito. Kwa kuwa filamu inahesabika kuwa kazi iliyotokana na muziki, ukiweka dakika moja ya kibao cha BY-SA ndani ya filamu ya dakika 70, filamu nzima inapaswa itoke kwa leseni hiyo. Maana yake mtu yeyote anaweza kuinakili, kuihariri upya na kuiuza, ilimradi awataje na yeye aiachie vilevile. Kwa filamu ya mradi kuhusu upandaji mikoko au ubebaji salama wa dawa za mikorosho, hiyo ni neema: unataka isambae. Kwa filamu ya hadithi unayotaka kuuzia televisheni haki za peke yake, haiwezekani, kwa sababu huna tena upekee wa kuuza. Angalia pia usichanganye BY-SA na BY-NC-SA kwenye filamu moja. Ya kwanza inakutaka uruhusu biashara, ya pili inakukataza kuiruhusu. Hakuna leseni moja inayoweza kuzitii zote mbili.

NC inasomeka rahisi na inakamata wengi. Leseni inaeleza matumizi yasiyo ya kibiashara kuwa ni yale ambayo shabaha yake kuu si faida ya kibiashara wala malipo ya fedha. Kiingilio cha kibandani, hata kiwe shilingi 500, ni malipo. Kuuza filamu kwa flashi ni malipo. Chaneli iliyowashwa matangazo ni biashara. Msimamo wetu ni kwamba kama kuna uwezekano wowote filamu ikaingiza fedha, NC ikae nje.

Ila NC ina mlango mmoja wa heshima. Leseni hizi haziwi za peke yake, kwa hiyo mtunzi aliyeweka NC hadharani anaweza kukupa wewe ruhusa ya pembeni. Mwandikie barua pepe fupi kwa lugha anayoitumia kwenye ukurasa wake: jina na urefu wa filamu, sekunde ngapi za kibao zitatumika na kwenye onyesho la namna gani, filamu itaoneshwa na kuuzwa wapi, na mna bajeti kiasi gani ya muziki, hata kama ni sifuri. Muombe ajibu kwa maneno kamili kwamba anaruhusu kibao hicho kitumike ndani ya filamu hiyo kibiashara. Jibu lake lihifadhiwe kama mkataba. Watunzi wadogo hujibu, hasa wakiona umesikiliza kazi yao kwa makini na unajua unakotaka kuiweka.

Kwa filamu itakayouzwa, basi, vinabaki viwili: BY na CC0. Jiwekeeni sheria hiyo tangu siku ya kwanza na kazi inakuwa nyepesi.

Mahali pa kutafuta, na mitego yake

Mtunzi Kevin MacLeod ameweka mamia ya vibao vyake kwenye tovuti yake ya Incompetech chini ya CC BY 4.0, vimepangwa kwa hisia na kasi. Kwa mwanzo ni hazina, na kwa sababu hiyohiyo vimetumika sana. Mtazamaji wa YouTube anavitambua. Free Music Archive, iliyoanzishwa mwaka 2009 na redio ya WFMU ya Marekani, ina wasanii wengi wa aina nyingi, lakini kila kibao kina leseni yake, na albamu moja inaweza kuwa na leseni tofauti ndani. ccMixter inafaa kwa biti na sauti za kuimba zilizotenganishwa. Kwa milio, kama mawimbi, mlango, pikipiki au mvua juu ya bati, nenda Freesound inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, na chuja uone CC0 na BY tu. Wikimedia Commons ina faida yake: haipokei NC wala ND kabisa, kwa hiyo la kuangalia hapo ni SA peke yake. Maktaba ya sauti ya YouTube ina vibao vya aina mbili, vinavyotaka jina litajwe na visivyotaka. Alama yake iko pembeni ya kila kibao.

Tovuti nyingi zinazojiita za muziki wa bure hazitumii leseni huria. Zina masharti yao wenyewe, na masharti hayo hubadilika. Pixabay, kwa mfano, ilikuwa ikitoa kazi chini ya CC0 hadi Januari 2019, ikahamia kwenye leseni yake yenyewe. Aliyepakua kabla na aliyepakua baada hawana haki sawa, na atakayeweza kuonyesha yuko upande gani ni yule aliyehifadhi ushahidi wa tarehe.

Mtego mwingine ni mtu kupandisha kazi isiyo yake na kuibandika alama ya CC. Leseni haiwezi kutolewa na asiyekuwa na haki. Ikibainika, wewe uliyeitumia kwa nia njema ndiye utakayeondoa filamu mtandaoni. Kabla ya kuamini, fungua ukurasa wa msanii. Ana kazi nyingine zinazofanana na hii? Ana tovuti yake inayotaja leseni ileile? Sikiliza kibao kizima kwa hedifoni: sauti ya mwanamke inayoingia ghafla ikiwa na mwangwi tofauti na ala nyingine mara nyingi ni kipande kilichonyofolewa wimbo wa mtu mwingine. Biti za mtindo wa rap na singeli zina vipande vya namna hiyo kwa wingi.

Halafu lipo suala la tabaka mbili, ambalo bila kulielewa hakuna leseni itakayokusaidia. Wimbo uliorekodiwa una haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na una haki ya rekodi. Mchora katuni wa Marekani Nina Paley alimaliza mwaka 2008 filamu ya Sita Sings the Blues akitumia rekodi za mwimbaji Annette Hanshaw za miaka ya 1920. Kilichomkwamisha ni tungo zilizoimbwa humo. Zilikuwa bado na wenyewe, na alilazimika kulipia makumi ya maelfu ya dola ndipo akaweza kuitoa. Kwetu hali ni hiyohiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Dansi la miaka ya sabini halijawa huru kwa sababu tu bendi imekufa. Na kijana wa Masasi akipiga upya kwa gitaa wimbo unaojulikana na kuuwekea CC BY, amekupa upigaji wake. Utunzi hakuwa nao wa kutoa. Muziki wa kale wa Ulaya ni hivyo kwa upande wa pili: mtunzi amekufa karne mbili zilizopita, lakini rekodi ya orkestra ni ya juzi na ina mwenyewe. Musopen inakusanya rekodi ambazo pande zote mbili ziko huru, ila soma alama ya kila moja.

Ngoma za hapa, na ruhusa yake

Ukiandika neno Afrika kwenye tovuti za muziki huria utaletewa ngoma za mikono za Afrika Magharibi, zimepigwa studio huko mbali, zinafaa tangazo la watalii. Ukiziweka chini ya onyesho la Newala, mtu wa Newala anasikia hapohapo kwamba si kwao. Tunalisema kwa uzito: filamu ya Kusini inastahili sauti ya Kusini, na mkoa wenye ngoma za sindimba na mapiko hauna sababu ya kuazima mapigo. Njia iliyo bora ni kurekodi kikundi cha hapa kwa makubaliano ya maandishi, na kikundi kikiridhia, rekodi hizo ziachiwe kwa leseni huria ili watengenezaji wengine wazipate.

Kurekodi kunahitaji maandalizi. Pwani ya Mtwara na Lindi, upepo wa kusi unavuma kwa miezi mingi katikati ya mwaka na hushika nguvu kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo rekodi alfajiri au ndani kidogo, nyuma ya nyumba au kwenye mikorosho. Maiki ivalishwe manyoya ya kuzuia upepo. Sponji peke yake haitoshi. Weka kinasa sauti kwenye 48 kHz na biti 24, na ruhusu mapigo makali zaidi yafike karibu -12 dB, maana mpiga ngoma akipandwa na mzuka huongeza nguvu ambayo hukuisikia wakati wa majaribio, na sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Wapigaji huwamba ngoma kwa moto. Ngozi ikipata joto hukaza na sauti inapanda. Ikipoa inalegea na sauti inashuka. Ukirekodi mpigo asubuhi, mkapumzika, mkarudia saa moja baadaye bila kurudi motoni, vipande viwili havitaungana: kwenye uhariri sikio litasikia ngoma imebadilika katikati ya onyesho. Rekodi vipande vinavyokwenda pamoja mara tu baada ya kuwamba, na kabla ya kuanza kipande kipya waombe waangalie ngozi. Anza na kikundi kizima, kisha kila ngoma peke yake dakika moja au mbili: zile ndogo zinazochomekwa ardhini, kubwa, njuga, makofi, mwitikio wa sauti. Kila kipande kianze kwa ukimya na kiishe kwa ukimya, mtu asizungumze hadi mlio wa mwisho utoweke. Malizia na dakika moja ya sauti ya mahali penyewe, watu wametulia. Vipande hivyo ndivyo vitakavyomwezesha mhariri kujenga muziki wa sekunde 20 au wa dakika tatu kutoka kikao kimoja.

Kuhusu mapiko, tangulia kwa wazee. Ni ngoma iliyofungamana na jando na unyago, na yapo mambo ya kinyago na mvaaji wake yasiyooneshwa wala kurekodiwa ovyo. Wakikwambia sehemu hii hapana, iache. Sheria ya 1999 nayo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili, kwa hiyo pitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri kabla ya siku ya kurekodi.

Karatasi ya ruhusa iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: majina ya wapigaji wote na kiongozi wao, mahali na tarehe, kilichorekodiwa, kitatumika wapi, kiasi walicholipwa, na leseni. Saini au dole gumba la kila mmoja, na shahidi kama mwenyekiti wa kitongoji. Isomwe kwa sauti mbele ya wote na usomaji huo urekodiwe. Kama mnaomba CC BY, elezeni bila kuficha kwamba leseni hii haifutwi ikishatolewa, na kwamba mtu wa Brazil anaweza kuitumia ngoma yao na kuiuza bila kuwalipa, mradi awataje. Wazee wakisita, msiwasukume. Chukueni ruhusa ya filamu yenu tu. Inatosha kabisa, na kikundi kitawafungulia tena.

Kumbukumbu za kila kibao

Siku ile unapopakua kibao, na si baadaye, tengeneza folda yenye jina lake. Weka humo faili halisi bila kubadilisha jina lililokuja nalo, picha ya skrini ya ukurasa ikionyesha leseni, anwani na tarehe, na ukurasa wenyewe ukiwa PDF. Kisha ingiza anwani hiyo kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, uihifadhi huko. Nakala yake ina tarehe ambayo wewe huwezi kuichezea, na ndiyo inayoaminika zaidi. Faili la kazi lipe jina linalosema kila kitu, kwa mfano BY4_msanii_kibao.wav, ili mhariri akiliona kwenye taimulaini ajue linafaa bila kuuliza. Nakili folda yote kwenye diski ya nje. Umeme wa kukatika na kompyuta za kuazima vimemeza kumbukumbu nyingi.

Picha ikishafungwa, yaani uhariri wake haubadiliki tena, andika orodha ya muziki: muda wa kuingia, wa kutoka, sekunde, jina la kibao, mtunzi, leseni na toleo, na kama muziki unasikika ndani ya onyesho, mfano redioni, au umewekwa juu yake. Mstari mmoja unasomeka hivi: 00:03:12 hadi 00:03:58, sekunde 46, kisha jina na mengine. Televisheni wataihitaji, na wewe utaihitaji siku ya madai.

Kuuweka muziki ndani

Hapa tunapita haraka, ila yapo mambo matatu yanayoharibu kazi nzuri. La kwanza ni kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde sauti imepimwa ilipogeuzwa kuwa faili. Muziki mwingi uko 44.1 kHz na video iko 48. Programu za sasa za uhariri kama DaVinci Resolve na Kdenlive hubadilisha zenyewe, lakini faili likisomwa kimakosa, wimbo unakwenda kasi kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda zaidi ya nusu toni. Badilisha mapema kwenye programu ya sauti ya Audacity, usikilize, ndipo uingize. Pakua WAV au FLAC inapopatikana. MP3 ya 128 ikibanwa mara ya pili na YouTube, matoazi yanatoa mlio wa maji.

La pili ni kugombana na maneno. Mazungumzo yakigonga karibu -12 dB, muziki wa chini yake ushuke kwa desibeli 15 hadi 20, na kwenye ekwalaiza ya muziki punguza desibeli 3 au 4 kati ya 1 na 4 kHz, kwani hapo ndipo konsonanti zinapokaa. Wimbo wenye maneno usilazwe chini ya mazungumzo. Na onyesho lenye mdundo wake liheshimiwe. Akina mama wakibangua korosho kwa mkono, kila ganda linapasuka kwa mlio mkavu, mfupi, wa juu, na mikono kumi haipasui kwa pamoja. Ukiweka ngoma juu yake, milio miwili inapigania nafasi ileile na ubanguaji unageuka kelele. Chagua sauti ndefu isiyo na mapigo, zeze au kinanda cha chini, iingie taratibu kwa sekunde nne au tano, na uache maganda yenyewe yawe mdundo.

La tatu ni kutoa filamu ikiwa na sauti moja iliyounganishwa tu. Toa pia mazungumzo, muziki na milio kwenye mafaili matatu tofauti yenye urefu sawa. Kibao kikileta shida baada ya mwaka, unabadilisha faili moja. Bila hivyo, na faili la uhariri likiwa limepotea, hakuna namna ya kuutoa muziki chini ya sauti za waigizaji. Kwa mtandaoni lenga karibu -14 LUFS, kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti ya filamu nzima, na kilele kisizidi -1 dB. Televisheni watakupa kipimo chao. Sikiliza kwenye spika ya simu ya kawaida kabla ya kufunga, maana ngoma kubwa hupotea humo na huenda ukabaki na njuga peke yake.

Majina ya mwisho

BY inataka mambo yaonekane, na wengi huandika tu kwamba muziki ni wa Creative Commons. Hiyo haitimizi leseni. Andika jina la kibao, jina la mtunzi kama alivyojiandika mwenyewe, anwani ya chanzo, jina la leseni na toleo pamoja na anwani yake, na kama umebadilisha, sema. Mfano: “Jina la kibao”, mtunzi fulani, kutoka ukurasa fulani, leseni CC BY 4.0, creativecommons.org/licenses/by/4.0. Kimefupishwa. Toleo 4.0 halilazimishi jina la kibao, matoleo ya nyuma yanalitaka pale lilipotolewa, liandike daima.

Majina yawe ndani ya filamu na pia kwenye maelezo chini ya video. Filamu ikihamia kwenye flashi, maelezo ya YouTube yanabaki YouTube, na nakala ile inatembea bila jina la mtunzi. Herufi zisomeke kwenye simu, kila kundi likae sekunde tano au zaidi. Trela nayo ni kazi inayojitegemea. Ikitumia kibao, itaje. Na usimtaje mtunzi kwa namna inayofanya aonekane anaunga mkono filamu yako au mfadhili wake, leseni inakataza.

Ukisajili filamu Ofisi ya Hakimiliki, usijaze muziki huo kama mali yenu. Onyo hilohilo mpe msambazaji wa mtandaoni. Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi zilizosajiliwa ndani ya video za watu, inahitaji haki za peke yake, nawe kwenye kibao cha BY huna upekee. Msambazaji akiingiza filamu nzima humo, mfumo utaanza kudai video za kila mtu aliyetumia kibao kile, akiwemo mtunzi mwenyewe. Mpe orodha ya muziki na umtake aziondoe sehemu hizo kwa muda wake kamili.

Dai likija upande wako

Hutokea hata ukiwa umefuata kila sharti: mtu mwingine ametumia kibao kilekile ndani ya wimbo wake, akausajili, na mfumo unaona filamu yako inafanana naye. Kwanza tofautisha. Dai la Content ID linagusa mapato au uonekanaji wa video hiyo; onyo la hakimiliki linagusa chaneli nzima, na matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga. Fungua dai, angalia sekunde zinazotajwa, linganisha na orodha yako ya muziki, upate kibao. Kisha weka pingamizi kwa sababu ya leseni, ukieleza kwa mistari michache jina la kibao, mtunzi, leseni, anwani ya ukurasa na ile nakala ya Wayback Machine. Ukipinga ndani ya siku tano, mapato yanashikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai linakufa. Akikataa, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Akikataa tena anaweza kuomba video iondolewe, nalo hilo huja na onyo, kwa hiyo usikate rufaa kama folda ya kibao haina ushahidi kamili. Wakati huohuo mwandikie mtunzi. Mara nyingi yeye ana njia ya kumfikia aliyemsajili kimakosa.

Na kama kosa ni lenu, jina limesahaulika au limeandikwa vibaya, toleo la leseni ndilo linaloamua uharaka. Chini ya 4.0 haki yako inakatika ukivunja sharti, lakini inarudi yenyewe ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua. Chini ya 3.0 hairudi yenyewe; unahitaji ruhusa mpya ya mtunzi. Rekebisha maelezo ya mtandaoni siku hiyohiyo, toa nakala mpya ya filamu yenye majina sahihi, ibadilishe kila ilikopelekwa, na kama kibao ni cha 3.0, barua kwa mtunzi itangulie.